Bima ya mazishi Marekani: raida ya kulipia na ya kuacha

Nyumbani Tanzania mtu akifariki, turubai linafungwa, kamati inakaa, mmoja anashika daftari, na jua halijazama michango imeshaanza kuingia kwenye simu ya mweka hazina. Jeneza, gari, chakula cha waombolezaji, vyote vinatoka humo. Marehemu hakusaini chochote akiwa hai. Marekani msiba unaanza na ankara. Chama cha wenye nyumba za mazishi cha huku, NFDA, kilitaja dola 8,300 kuwa gharama ya kati ya mazishi yenye kuaga mwili kwa mwaka 2023, na hapo kaburi bado halijanunuliwa. Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali ya huku, inatoa dola 255, mara moja tu, kwa mjane au mtoto anayestahili.

Ndiyo maana bima ndogo ya maisha ya kugharimia mazishi inauzika sana kwa wazee wetu walioko huku. Kwa kawaida inalipa kuanzia dola elfu chache hadi 25,000 au zaidi kidogo, inalenga watu wa miaka 50 hadi 85, haina kupimwa na daktari, na haiishi muda mradi unalipa. Kwa bima yenyewe sina neno. Neno langu ni hizi nyongeza, raida kama wanavyoziita mawakala, zinazobandikwa mwishoni mwa mazungumzo ya simu kwa "dola chache tu". Aliyekulia penye kusaidiana husikia "nyongeza" akadhani ni hisani. Kumbe raida ni mkataba ndani ya mkataba: ina maana zake za maneno, na mara nyingi ina umri wa kukoma hata kama bima mama inaendelea.

Raida ya kifo cha ajali ndiyo inayouzwa zaidi kwa sababu ina namba ya kuvutia: bima ya 10,000 inageuka 20,000. Lakini mzee wa miaka 72 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kwa moyo, saratani au kiharusi kuliko kwa gari. Soma pia masharti. Kifo lazima kitokee ndani ya muda fulani baada ya ajali, mara nyingi siku 90. Mzee aliyeanguka bafuni, akalazwa na nimonia, akafa mwezi wa nne baada ya kuanguka, hapo kampuni ina hoja mbili za kukataa: siku zimepita, na kilichomuua ni ugonjwa. Halafu raida nyingi za aina hii hukoma mtu akifika miaka 70, 75 au 80. Kuna jambo jingine ambalo wakala hana haraka ya kulisema. Zile bima zisizouliza maswali ya afya huweka kipindi cha kusubiri, kwa kawaida miaka miwili. Ukifa kwa ugonjwa ndani yake, familia inarudishiwa ulicholipa pamoja na riba, mara nyingi asilimia 10. Kifo cha ajali, lakini, hulipwa kamili tangu mwanzo bila raida yoyote.

Raida ya kulipwa mapema ukiwa na ugonjwa usiopona inahitaji utulivu zaidi. Daktari akithibitisha kuwa umebakiza miezi 12, au 24 kwa baadhi ya kampuni, unaweza kuchukua sehemu ya fedha ukiwa hai. Mara nyingi haina malipo ya ziada ya mwezi, kwa hiyo kuwa nayo si kosa. Kosa ni kuitumia bila kupiga hesabu. Chukua bima ya dola 10,000 yenye raida inayoruhusu nusu. Ukiomba 5,000, kampuni hukata ada ya kushughulikia na punguzo la kulipa kabla ya wakati, au huihesabu kama deni linalozaa riba hadi siku ya kifo. Siku ya mazishi zinabaki 5,000 au pungufu, na ankara ni ileile. Nyumbani mchango wa matibabu una daftari lake na wa msiba lake. Hapa daftari ni moja, ukurasa uliochanwa kwa ajili ya hospitali haurudi.

Kwa mzee anayepokea SSI, msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, kuna shimo zaidi. Kikomo cha akiba kwa mtu mmoja ni dola 2,000, na fedha iliyochukuliwa mapema ikilala benki hadi mwezi unaofuata inahesabiwa. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo ina mipaka yake kulingana na jimbo. Ongea na ofisi husika kabla hujasaini fomu ya maombi.

Aliyepita miaka 60 ningemshauri aiache raida ya kusamehewa malipo ukipata ulemavu. Mara nyingi ulemavu lazima uanze kabla ya miaka 60 au 65, na kuna miezi sita hivi ya kusubiri. Iliyo na maana zaidi kwa wazee ni ile ya kusamehewa malipo ukilazwa kwenye nyumba ya wauguzi, kwa kawaida baada ya siku 90 mfululizo. Zote mbili huharibika kwa namna moja: familia inasikia "umesamehewa", inaacha kulipa siku ya kwanza. Kipindi cha kusubiri bado unadaiwa. Muda wa hisani, yaani wa kuchelewa kulipa bila kukatiwa, ni siku 30 au 31, ukipita bima inakufa, raida inakufa nayo.

Halafu watoto na wajukuu. Raida hii ni nafuu, hulipa kiasi kidogo kwa kila mtoto, na kampuni nyingi humruhusu mtoto aigeuze kuwa bima yake akikua. Ila kwetu mtoto wa ndugu yako uliyemlea ni mtoto wako, na hakuna anayekuuliza karatasi. Kwenye mkataba, mtoto ni wa kumzaa, wa kambo, au aliyeasiliwa kisheria. Uliyemlea kwa mapenzi tu hayumo, hata umlipie miaka kumi. Mjukuu anayeishi Tanga au Mbeya pia kwa kawaida hayumo, maana kampuni nyingi zinataka anayewekewa bima awe mkazi wa Marekani.

Kusafirisha mwili nyumbani, jambo linalotuumiza kichwa kuliko yote, huwa halimo kwenye raida hizi. Bima inalipa fedha taslimu na fedha ndiyo inayosafirisha. Kwa hiyo zile dola chache za raida ya ajali ningezipeleka kwenye kuongeza kiasi cha bima mama, na mnufaika wa kwanza ningemweka mtu aliyeko Marekani anayeweza kusaini na nyumba ya mazishi. Jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, kwa mpangilio uleule. Asha Juma Hamisi na Asha Hamisi ni watu wawili kwa karani wa madai.

Mwenye bima akifia Tanzania wakati wa likizo, kibali cha kuzika hakitoshi. Kampuni itataka cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Ndani ya miaka miwili ya kwanza ya mkataba itachunguza pia majibu ya afya aliyotoa alipoomba bima.

Mkataba ukifika nyumbani, sheria ya jimbo inakupa siku 10 hadi 30 za kuusoma na kuurudisha ukarudishiwa fedha yako. Fungua ukurasa wa jedwali: kila raida imeandikwa na malipo yake na, kama ipo, tarehe ya kukoma. Usiyoitaka, iandikie kampuni yenyewe barua, siyo wakala, uombe iondolewe na bima mama ibaki, kisha subiri jedwali jipya kabla hujaitupa lile la zamani.