Kibubu Changu Si Bubu

Aliyesema haba na haba hujaza kibaba alikuwa mjanja. Ona kipimo alichokichagua! Kibaba, ambavyo vinne ndiyo pishi moja. Mbona hakuthubutu kusema hujaza gunia? Mimi nilikuwa natafuta mashine ya kufulia, gunia na ushee, nikajidanganya nitaipata kwa chenji za mfukoni.

Chanzo ni mama watoto. Siku moja alimaliza kufua mashuka, akaja akaninyooshea viganja mbele ya uso kama mtu anayenipa barua nisome. Hakusema neno. Kesho yake nikarudi na kibubu cha mbao, kimepigwa misumari pande zote, nikatangaza kwa sauti ya mkutano wa hadhara: sarafu ikiingia humu, haitoki! Nyumba nzima ikaitikia. Ningejua, ningewaapisha.

Kilichoniponza ni jina. Kibubu, yaani kitu bubu, hakisemi. Uongo mtupu. Changu kilikuwa na mdomo kuliko jirani. Ukifunga mlango kwa nguvu, chwaka! Ukisogeza kabati, chwaka chwaka! Wanaonidai wakikaa sebuleni naapa sina kitu, na huko chumbani kibubu kinatoa ushahidi.

Na adui wa kwanza wa akiba ile, niseme ukweli, ni mimi mwenyewe. Usiku wa manane nimeketi sakafuni, kibubu nimekibana kwa magoti kichwa chini, kisu cha mezani kimeingia tunduni, naomba sarafu iteleze juu ya ubapa wake. Kazi hiyo inataka pumzi ya mzamiaji. Inakuja, inakuja, imefika mdomoni kabisa, unaiona ukingo wake, halafu inageuka ubavu na kurudi ndani kwa kishindo.

"Baba watoto, unafanya nini huko?"

"Nahakiki, mke wangu."

Lakini mimi si mwizi. Kila nilichotoa nilikiandikia kikaratasi, "Nimekopa, nitarudisha," nikakitumbukiza.

Siku ya kukivunja nikavikuta vikaratasi vyangu 11. Vitatu zaidi vilikuwa na mwandiko wa mama watoto, kwa hiyo hata yule aliyekuwa ananiuliza nafanya nini alikuwa na zamu yake. Kulikuwa na kifungo cha shati pia. Hata baada ya kujumlisha madeni yote hayo hesabu ikagoma, na sarafu zilizosalia zote zilikuwa za aina moja. Nikamtazama mwanangu. Mwanangu akatazama dari.

Siku hizi sarafu nyingi ni chuma kilichovikwa koti jembamba la madini mengine, na chuma hunasa sumaku. Mimi hilo sikuwa nalijua. Yeye alilijua. Alikuwa amechomoa kisumaku kwenye kichezeo kibovu, akakifunga uzi, na kwa muda wote huo alikuwa anavua humo ndani taratibu kama mzee wa pwani. Tulizobaki nazo ni zile ambazo sumaku haikuzitaka.

Nikazibeba hivyo hivyo benki, bega limelala upande mmoja. Keshia akautazama mfuko, akatazama foleni nyuma yangu, akaniuliza kwa upole kama sina noti. Foleni ikaguna kwa niaba yangu.

Dukani nako bei haikuwa imenisubiri. Mimi napanda kwa sarafu, yenyewe inapanda kwa noti, tutakutana wapi? Pengo nikaliziba kwa mshahara, na hapo naomba mama watoto asisome.

Mashine ikaja, vijana wawili wanaibeba huku wanahema. Nikamuuliza fundi mbona nzito hivi, akaniambia ndani yake kuna bonge la zege, la kuituliza inapokamua. Zege! Nimedunduliza miaka miwili, nimenunua zege. Na halikutulia, kwa sababu nilikuwa na haraka, kitabu cha maelekezo nikakifanya kisahani cha kikombe. Kumbe nyuma kuna bolti zinazolishika pipa lisicheze njiani, na lazima uzitoe kabla ya kuwasha. Ilipoanza kukamua ikatoka kwenye kona yake, ikavuta waya, ikaja hadi katikati ya chumba inatetemeka kwa hasira. Mama watoto alipanda juu ya kiti. Mimi nilikuwa nimeshamtangulia.

Bolti zikatoka, amani ikarudi. Juzi tu ndiyo nikasikia tumboni mwake sauti ninayoijua, kling, kling. Chini mbele kuna kimlango, nyuma yake chujio. Nikakifungua, maji yakanimwagikia miguuni yote, na katikati ya nyuzi na uchafu zikalala sarafu nne, zinang'aa kuliko zilivyokuwa mfukoni mwangu. Na kifungo, bila shaka.

Nikageuka kutafuta kitambaa. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, uzi mkononi.