Washuke wao, au ipande barabara?

Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo, yalirudi mazungumzo yale yale ya vijiweni: wakulima wa Milima ya Uluguru wamemaliza miti, wanalima kwenye vyanzo, waondolewe. Kila ukame ukiingia hoja hiyo huamka, mvua zikirudi hulala. Anayeishi kule juu haulizwi.

Uluguru ndiyo ile safu iliyo nyuma ya mji wa Morogoro. Kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Upande wa mashariki, unaotazama bahari, miinuko ya juu hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka. Mvua hiyo inalisha Ruvu, na Ruvu inainywesha Dar, jiji ambalo sensa ya mwaka huo huo ilikuta lina watu 5,383,728. Chini kidogo ya mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru viko vijiji ambavyo gari halifiki. Pikipiki hufika kiangazi, kwa mwenye roho ngumu.

Nilipanda huko masika moja. Tangu asubuhi kila tuliyekutana naye alikuwa anashuka na mzigo. Nikamkumbuka zaidi mama mmoja, mkungu wa ndizi kichwani, ndala mkononi, anakanyaga tope kwa vidole kama anayehesabu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Vua viatu hivyo, vitakuangusha." Nilipuuza, vikaniangusha. Tulipokutana tena chini kwenye gulio, pale malori yanapoishia, alikuwa anabishana na dalali juu ya bei. Dalali hakuwa na haraka. Alitaja bei yake, akageukia simu yake. Mama akacheka kidogo, akasema, "Sasa nirudi nao juu?" Akauza.

Hapo ndipo umaskini wa kule unapotengenezwa, nami sijaona mchumi aliyeueleza vizuri kuliko lile swali. Udongo unazaa: ndizi, nanasi, iliki, pilipili manga, mdalasini. Soko lipo. Lakini mzigo ukishashuka hauwezi kupanda tena, na dalali anajua.

Wanaosema watu washuke nao wana hoja, tusiwabeze. Mjamzito akizidiwa usiku hubebwa kwa machela kwenye njia ambayo mchana yenyewe inateleza. Mwalimu akipangiwa kazi huko, wa kwanza kumtafuta ni mtu wa kumhamisha. Miteremko ni mikali, na mvua ikizidi kipande cha mlima huondoka na shamba lililo juu yake. Kilomita moja ya barabara inayochongwa kwenye mwamba kule juu ina gharama ya kilomita kadhaa za tambarare, na mwenye bajeti ndogo ana haki ya kuuliza inahudumia kaya ngapi.

Ila washuke waende wapi? Tambarare za Mvomero na Kilosa zina ugomvi wa wakulima na wafugaji uliokwisha kumwaga damu. Kumteremsha mtu wa milimani na jembe lake katikati ya ugomvi huo ni kuuongeza. Halafu ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo wenyewe unafuata upande wa mama. Kiwanja cha bondeni hakiji na wajomba wala makaburi, na hakuna fomu ya fidia yenye safu ya kuyaandika hayo.

Sheria nayo ina kitendawili chake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Bondeni hilo ni jambo la busara kabisa. Mlimani, ambako kila korongo lina kijito, pima mita 60 huku na mita 60 kule uone shamba linabaki wapi. Ukiitekeleza yote umehamisha vijiji bila kutamka neno kuhamisha. Usipoitekeleza kabisa, watu watapanda magimbi hadi kwenye jicho la chemchemi, na wapo wanaofanya hivyo. Mama zetu wa mlimani si malaika.

Amri bila mashauriano iliwahi kujaribiwa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa nzuri, hata leo mtaalamu wa udongo hawezi kuilaumu. Lakini tabaka la udongo wenye rutuba kule ni jembamba, na tuta lilileta juu udongo mfu. Kazi ilikuwa nyingi, mavuno yakawa haba, na watu wakaanza kushuku kwamba mashamba yanaandaliwa kwa wengine. Julai 1955 vurugu zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mradi ukafutwa, TANU ikavuna wanachama.

Basi barabara ipande? Upande wa magharibi, Mgeta, unatupa picha. Gari linafika Nyandira, na kabichi, karoti na njegere hupakiwa na kushuka kwenda Morogoro na Dar. Nyumba za bati ni nyingi, vijana wana sababu ya kubaki. Lakini mboga za biashara hazilimwi kwa mkono mtupu. Bomba la dawa liko mgongoni msimu mzima, na linasafishwa palipo na maji, yaani kwenye kijito. Kiangazi mifereji ya umwagiliaji huteka maji wakati ule ule ambao mto unayahitaji zaidi. Na barabara haichagui abiria: inayoshusha karoti ndiyo itakayopandisha chensoo.

Hata hivyo mimi nasimama na barabara, si kwa sababu haina madhara. Gharama ya kutokuwa nayo inalipwa na watu wale wale kila siku, kwa shingo zao, huku gharama ya kuwa nayo inaweza kusimamiwa. Asiye na barabara hulima eneo kubwa zaidi ili kufidia bei mbovu. Iliki kilo tano zikipata bei ya haki, zinampunguzia mtu hamu ya kufyeka mteremko mwingine wa mahindi.

Kuna njia ya tatu, na ilishaonja udongo wa huko. Mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi Kibungo, upande wa mashariki, ambapo mkulima alilipwa kwa kuchimba fanya juu, yaani matuta ya kuzuia udongo, na kupanda miti shambani, na DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar, na Coca-Cola, watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu, wakakubali kuchangia. Hapo mwenye mlima alitazamwa kama muuzaji wa kitu, badala ya mshitakiwa. Ulikuwa na kasoro. Anayelima kwa kuazima kwenye ardhi ya ukoo mwingine hawezi kupanda mti wa kudumu, maana mti ni madai ya ardhi. Na malipo yalitegemea mradi, mradi nao una tarehe ya mwisho. Mto hauna.

Watu wa mjini huuliza fedha zitoke wapi, kana kwamba hatujawahi kuchangishana. Bonde la Wami/Ruvu lina bodi inayotoza ada za matumizi ya maji. Chukua pia risiti yako ya umeme wa LUKU: chini ya VAT na EWURA kuna asilimia 3 ya REA, hela ambayo kila mwenye mita hulipa ili umeme ufike vijijini, na sijasikia mtu akiandamana kwa ajili yake. Wiki iliyopita nilichukua ankara yangu ya maji nikaisoma mstari kwa mstari. Nikaigeuza nyuma pia. Kulikuwa na namba ya huduma kwa wateja.