Baa ya kijiji ikipata mpishi

Baa ya kijiji nchini Uingereza ikifungwa, ikakaa miezi madirisha yamezibwa kwa mbao, kisha ikafunguliwa tena na mmiliki mpya, rangi mpya na mpishi aliyetoka jijini, wanakijiji hawachelewi kugawanyika. Wapo wanaosema imefufuka, na wapo wanaosema wameporwa. Mabishano yenyewe huwa ya chakula: pai imekuwa ghali, chipsi zimepungua, samaki ni mzuri kuliko zamani, mchuzi wa Jumapili hautoshi. Nimeyasikiliza mabishano haya kwa muda mrefu, na naamini watu hukitaja chakula kwa sababu ni rahisi kukitaja. Kinachowauma ni kutojua nani bado anakaribishwa kuketi humo ndani.

Baa ninayoijua kwa karibu iko Wiltshire, kusini-magharibi mwa nchi, katika kijiji chenye kanisa, shule ndogo ya msingi na basi linalopita kwa nadra. Sitaitaja jina, maana wenyeji wake hawajanituma niwasemee. Zamani ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa na sakafu ya mawe na ubao wa mchezo wa kurusha vishale ukutani, na mtu aliingia na buti zenye tope la shambani bila kuulizwa. Kingine kilikuwa na zulia, kwa ajili ya familia na wageni. Sasa ukuta wa kati umebomolewa, ubao wa vishale umeondoka na kuta zimepakwa kijani kilichofifia. Sehemu ya moto imebaki, na mbwa wanaendelea kulala mbele yake.

Chakula kwanza, maana kinastahili kuhukumiwa kwa haki. Pai ya nyama ya ng'ombe huletwa ndani ya bakuli la chuma, ganda lake limeumuka na kung'aa kwa siagi. Ukilipasua kwa kijiko, mvuke unatoka na harufu ya bia nyeusi iliyopikiwa nyama. Nyama inaachia bila kisu. Pai ya zamani ilitoka kwenye friza ikapashwa moto kwenye maikrowevu, katikati ikiwa ya moto kupita kiasi na pembeni baridi. Hapa sioni cha kubishania: anayesema ile ya zamani ilikuwa bora anaikumbuka kwa mapenzi, hasemi ladha.

Kwenye samaki na chipsi, walalamikaji wana hoja zaidi. Samaki mwenyewe amekaangwa vizuri, ganda kavu na nyama nyeupe inayomeguka. Lakini chipsi huletwa kwenye kindoo kidogo cha bati, zimepangwa wima zionekane nyingi, na ukizimwaga kwenye sahani unazihesabu kwa macho. Kwa Mwingereza aliyezoea mlo huu kama chakula cha kushiba baada ya kazi, kindoo kile ni tusi. Njegere zimesagwa na mnanaa, jambo zuri, ila siki lazima uiombe. Na mboga nyingine zote zinalipiwa pembeni. Familia ya watu wanne inaagiza milo minne, halafu bili inakuja na sahani tatu ambazo walidhani ni sehemu ya mlo.

Mlo wa Jumapili, yaani nyama ya kuoka, viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, mboga na lile andazi la Yorkshire lisilo na sukari, la unga, mayai na maziwa, ndio unaowapatanisha. Hata wale wapinzani wakubwa wa mabadiliko nimewaona wakirudi Jumapili mchana, wakiomba mchuzi wa nyongeza na kuupata bila malipo. Mmiliki huyu anaelewa kwamba kuna mlo usioguswa.

Wanaopinga hupenda kusema kwamba chakula hiki si cha asili ya baa ya kijijini. Hoja hiyo haisimami. Hadi katikati ya karne iliyopita baa nyingi za vijijini zilikuwa mahali pa kunywa, na mwenye njaa alipata pakiti ya viazi vya kukaanga au yai lililolowekwa kwenye siki. Kuku na chipsi za kwenye kikapu zilienea miaka ya 1960 na 1970. Hata ile sahani ya mkate, jibini na kitunguu cha siki, ambayo menyu huinasibisha na mkulima wa plau wa enzi na enzi, ilipata jina na umaarufu wake kwa matangazo ya wafanyabiashara wa jibini na maziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Mkate na jibini ni vya kale, kweli, lakini sahani ile kama tunavyoijua ni kazi ya matangazo. Kila kizazi kimekuta baa imebadilishwa na kizazi kilichotangulia, kikaiita hiyo ndiyo ya asili.

Mabadiliko ya sasa nayo yana historia inayojulikana. Mwaka 1989 serikali iliziwekea masharti kampuni za bia zilizomiliki baa zaidi ya 2,000, ili zisiendelee kuamua peke yake nini kiuzwe wapi. Kampuni hizo zikaanza kuuza au kukodisha maelfu ya baa. Januari 1991, vijana wawili, Michael Belben na David Eyre, wakachukua baa moja ya London iitwayo The Eagle, huko Farringdon. Waliweka jiko nyuma ya kaunta mbele ya macho ya wateja, wakaandika menyu kwa chaki, wakakusanya viti visivyofanana. Oda ilitolewa kaunta, na aliyetaka bia tu alikunywa bia tu. Hapo ndipo mtindo wa baa-mgahawa ulipoanza, na naona wengi waliouiga walichukua chaki na viti wakaacha hilo la mwisho.

Vijijini mtindo huu umezaa vitu vya ajabu. Seasalter, kwenye pwani ya Kent, Stephen Harris, aliyejifunza kupika mwenyewe, alichukua baa iitwayo The Sportsman mwaka 1999. Akawa anatengeneza chumvi kutokana na maji ya bahari ya hapohapo, anapiga siagi mwenyewe, anakausha nyama ya nguruwe mwenyewe. Mwaka 2008 akapata nyota ya Michelin, tuzo ya kitabu mashuhuri cha kukagua migahawa. Watu husafiri kutoka nchi nyingine kwenda kula hapo. Ukisikia mtu anasema baa ikipata mpishi inakufa, mtajie The Sportsman, jengo ambalo ukiliona kwa nje hutatarajia chochote.

Sababu kubwa ya wanaotetea mabadiliko, hata hivyo, ni fedha. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zaidi ya 60,000. Leo zimebaki kama 45,000. Vijijini pigo lilianza zamani: sheria ya 1967 iliweka kiwango cha kileo kwa dereva, na mtu anayeishi maili tatu kutoka baani hakuweza tena kunywa kama alivyozoea na kurudi kwa gari. Uamuzi huo uliokoa maisha na sitaulaumu. Kisha maduka makubwa yakaanza kuuza bia kwa bei ambayo baa haiwezi kuigusa, hadi leo bia inayonunuliwa kunywewa nyumbani ni nyingi kuliko inayonywewa baani. Julai 2007 uvutaji sigara ukapigwa marufuku ndani ya majengo, na baadhi ya wateja wa kila jioni wakahamia sebuleni kwao. Chakula kingi cha dukani hakitozwi kodi ya ongezeko la thamani, wakati sahani ya baani inatozwa asilimia 20.

Jumlisha hayo uone hesabu ya mmiliki. Wazee wanane wanaokunywa painti mbilimbili (painti ni zaidi kidogo ya nusu lita ya bia) jioni ya Jumanne ni watu muhimu, nami nawapenda, lakini painti zao hazilipi umeme wa usiku huo. Meza moja ya wageni sita waliokuja kula mlo wa hatua tatu inaulipa, pamoja na mshahara wa mhudumu. Baa nyingi, zaidi ya hayo, zimekodishwa kutoka kwa kampuni zinazomlazimisha mpangaji kununua bia kwao kwa bei ya juu kuliko ya soko. Kanuni zilizoanza mwaka 2016 zinampa mpangaji wa kampuni kubwa, ile yenye baa 500 au zaidi za aina hiyo, nafasi ya kuomba alipe pango la soko peke yake, bila kulazimika kununua bia kwao, lakini kuifuatilia nafasi hiyo kunataka muda na wakili. Faida ya bia ikibanwa hivyo, jiko ndilo linabaki. Anayemwambia mmiliki aachane na chakula anamwambia afunge.

Lakini tuihesabu pai ileile kutoka upande wa pili wa kaunta. Ni kama pauni 19. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa tangu Aprili 2025. Kijana anayefanya kazi ghalani au kwenye shamba la maziwa jirani na baa hiyo anatoa zaidi ya saa moja na nusu ya jasho lake kwa sahani moja, na hapo hajanywa. Wanaosema bei ni ya haki ukizingatia ubora wa nyama wanasema kweli. Kijana anayesema hawezi kumpeleka mchumba wake hapo anasema kweli pia. Hesabu hizi mbili haziondoani, na nachukia zinapotumiwa kumfanya mmoja wao aonekane mshamba au mwingine aonekane mnyang'anyi.

Hata hivyo, nilipowauliza wakongwe wa baa ile ya Wiltshire kilichowaumiza zaidi, hakuna aliyeanza na bei. Walianza na kadi. Ijumaa na Jumamosi kila meza ina kadi ndogo inayoonyesha imeshikwa kuanzia saa fulani. Mzee anaingia saa kumi na mbili jioni kama alivyoingia maisha yake yote, anaikuta baa tupu, na haruhusiwi kukaa. Anasimama kaunta na painti yake, wahudumu wanampita na sahani wakimwomba radhi asogee kidogo. Hakuna aliyemkosea adabu. Lakini mara ya tatu hatarudi, na yeye asiporudi, jirani yake anayeishi peke yake naye anakosa mtu wa kumwuliza habari za goti lake. Katika kijiji ambacho duka limefungwa na kanisa linafunguliwa Jumapili tu, chumba kile cha sakafu ya mawe kilikuwa ndiyo njia pekee ya kujua kwamba fulani hajaonekana tangu juzi. Mpishi hodari hawezi kuifidia hasara hiyo, na mmiliki asiyeiona anafanya kosa kubwa hata kama biashara inamwendea vizuri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba wakongwe wamekosea kuhusu chakula na wamepatia kuhusu kiti. Wanaosifu mabadiliko mara nyingi huja mara moja kwa mwezi, wakiwa na meza yao tayari, na hawajui mezani hapo nani alikuwa anakaa. Maoni yao kuhusu pai nayaamini. Kuhusu kama baa imefufuka, ningemwuliza kwanza anayeishi hatua mia moja kutoka mlangoni.

Zipo njia nyingine. Huko Cumbria, kwenye kijiji cha Hesket Newmarket, wenyeji na marafiki zao walinunua baa yao, The Old Crown, kwa ushirika mwaka 2003, na inauza chakula kama kawaida. Sheria ya mwaka 2011 inawaruhusu wakazi waombe baa yao iorodheshwe kama mali yenye thamani kwa jamii. Mmiliki akitaka kuiuza, kikundi chao kinaweza kupewa hadi miezi sita kutafuta fedha, ingawa mmiliki halazimiki kuwauzia. Ushirika nao una taabu zake: vikao, madeni, na mtu wa kuamka usiku bomba la maji likipasuka. Sidhani kila kijiji kinauweza.

Baa ile ya Wiltshire imechukua njia ndogo zaidi. Tangu majira ya baridi yaliyopita mmiliki ameziacha meza tatu za karibu na moto bila kadi siku zote za wiki, na Jumanne anauza pai ndogo pamoja na painti kwa bei iliyopunguzwa. Aliniambia Jumanne hiyo haimwingizii faida, ila inamjazia chumba, na baadhi ya wale wa Jumanne wameanza kuja na wajukuu Jumapili. Vishale bado hawajarudishiwa, na wanaendelea kuvidai. Mkataba wake wa pango unakwisha mwakani, na kampuni yenye jengo haijamwambia itapandisha kwa kiasi gani.