Aliyepona arudi kazini, ila na sisi tunaokaa naye mtufikirie

Jumatatu moja ya mwezi wa 7 mwaka jana, na mnajua Dodoma mwezi huo ilivyo, baridi na ule upepo wake, niliingia ofisini nikamkuta kaka ninayekaa naye jirani amerudi. Alhamisi alipima Korona akakutwa nayo, akapewa ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazini, ya siku 3, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu saa moja na nusu huyo hapo na sweta lake anakohoa. Ofisi yetu tunakaa sita, madirisha yote yamefungwa na mawili yamebandikwa selotepu pembeni kwa sababu ya vumbi, maana ukiacha wazi nusu saa tu unaweza kuandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Watu wakamkumbatia, pole sana kaka, karibu tena, chupa ya chai ikazunguka. Akanigeukia akasema, "Dada nimepona, kimebaki kikohozi tu."

Mimi nikachukua laptop yangu na pochi nikaenda kukaa kwenye benchi la korido. Mama mmoja tunayemheshimu sana pale ofisini akanifuata akaniambia mwanangu, mwenzio ametoka kuumwa, mbona unamkimbia kama ana ukoma? Nililia, sikumjibu.

Nina figo ya mdogo wangu, alinipa 2021. Kila saa 2 asubuhi na saa 2 usiku nameza dawa za kuufanya mwili usiikatae hiyo figo, na kazi ya dawa zenyewe ni kushusha kinga, hakuna namna nyingine, kinga ikibaki juu kama yako wewe itaishambulia figo. Kwa hiyo mafua yanayomlaza mwenzangu siku mbili mimi yanaweza kunipeleka wodini. Na yalinipeleka, siku ya tisa baada ya ile Jumatatu nilikuwa nimelazwa, kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inafanyaje kazi, imepanda, mdogo wangu amekaa pembeni ya kitanda hasemi kitu. Siwezi kuapa kwamba maambukizi niliyapata kwa yule kaka, ningeweza kupata kwenye daladala au sokoni Sabasaba, na sitaki kumbebesha mtu mzigo ambao sina uhakika nao.

Tena nilivyokuja kuongea naye baadaye nikajua ana mkataba wa miezi mitatu mitatu, na Jumapili jioni msimamizi alimtumia meseji anamuuliza kesho upo? Wewe ungejibu nini. Kuna vibarua wanaofanya usafi pale pale ambao siku wasipokuja hawalipwi kabisa, hao hata ED hawaombi, wanameza panadol wanaingia kazini. Kwa hiyo mnisikie vizuri, simlaumu aliyerudi, ninaoulaumu ni huu utaratibu ambao haumuulizi mtu yeyote swali linalotakiwa.

Swali lenyewe ni hili. ED inamuangalia mgonjwa, kwamba huyu mtu anahitaji apumzike siku ngapi ndio aweze kufanya kazi. Haisemi ataacha kuambukiza lini. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na maofisini tunayachukulia kama kitu kimoja, ED ikiisha basi mtu amepona, amepona basi hana shida kwa mtu. Kwa Korona, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 bado lilikuwa linashauri mwenye dalili akae pembeni siku 10 toka dalili zianze, au atoke mapema kama amepima tena kipimo cha haraka na hana. Sasa linganisha na siku 3 za ED ambazo mbili ni wikiendi. Mafua makali yale ya influenza mtu anaanza kuambukiza siku moja kabla hata hajajua anaumwa, na anaendelea siku tano mpaka saba hivi, na zile za mwanzo ndio mbaya zaidi. Angalau asubiri masaa 24 yapite hana homa bila kumeza kitu cha kushusha homa, maana wengi wanarudi homa imefichwa na panadol. Tetekuwanga ndio usiseme, mpaka vipele vyote vikauke vifanye magamba, na kwa mtu kama mimi au mama mjamzito ambaye hajawahi kuugua, hiyo siyo ya kuchezea, na mimi chanjo yenye virusi hai siruhusiwi.

Halafu kuna upande wa pili ambao watu hawapendi kuusikia. Kuna dada idara nyingine alikutwa na TB, akaanza dawa, akarudi baada ya wiki kadhaa, na watu wakamtenga, kikombe chake pembeni, hakuna anayekaa naye chai. Na baadhi walinijia mimi, wakaniambia wewe na hali yako usimsogelee yule. Nilienda nikamuuliza daktari wangu kliniki, akaniambia mtu akishameza dawa vizuri kwa kama wiki mbili na TB yake siyo ile sugu, uwezo wake wa kuambukiza unakuwa umeshuka sana, japo dozi yenyewe inaendelea mpaka miezi sita. Akasema wa kuogopa ni yule anayekohoa wiki ya tatu sasa anasema ni vumbi la Dodoma na hajaenda kupima. Na hilo vumbi jamani linatuficha wengi, hapa kila kikohozi ni vumbi, kila mafua ni upepo. Yule dada mimi nilikaa naye chai. Niliongea na daktari kwanza, ndio, lakini nilikaa naye.

Ndio maana nasema hofu peke yake haitusaidii sisi wenye kinga ndogo, inamtesa asiyestahili na inamuacha anayeambukiza anazunguka na chupa ya chai. Tunachohitaji ni mtu pale ofisini, afisa utumishi au yeyote aliyepewa hiyo kazi, anayeuliza mtu anaporudi: ni ugonjwa gani, leo ni siku ya ngapi, homa iliisha lini, na atakaa karibu na nani. Maswali manne, dakika mbili, mlango umefungwa, siyo mbele ya watu.

Na siombi fadhila. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imempa mwajiri jukumu la kulinda afya ya watu wake kazini, ila wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wakija wote tunakimbilia kuonyesha mitungi ya kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza, hewa tunayovuta watu sita kwenye chumba kilichofungwa hakuna anayeigusa. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa kwenye mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Watu wengi hawajui hili, wanadhani wakizidisha siku tatu wamefukuzwa, na wasimamizi wengine nao wanaacha waendelee kudhani hivyo.

Hapa mjini tupo wengi kuliko mnavyofikiri. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na sisi tukitoka pale tunarudi maofisini, Mtumba kwenye ofisi za serikali, mjini, Chuo Kikuu cha Dodoma, madukani, hatukai nyumbani kusubiri kufa. Kuna wenye sikoseli, wenye pumu, wanaotumia dawa za saratani, wanaoishi na VVU, na wengi wao hawajasema na hawalazimiki kusema. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba ili nipate ruhusa ya kukaa korido siku saba ilibidi nieleze habari za figo yangu mbele ya watu watano kwenye kikao. Mwenzangu anaumwa, mimi ndio najieleza.

Nilivyotoka wodini niliandika barua kwa utawala, daktari akaniandikia ya kwake pia, fupi, haitaji jina la ugonjwa, inasema tu mtumishi huyu ana kinga ndogo kwa sababu za kitabibu, asikae chumba kimoja na mtu mwenye maambukizi ya njia ya hewa, apewe nafasi yenye hewa ya kutosha. Kama uko kwenye hali kama yangu omba barua ya namna hiyo, usiende mikono mitupu, na usiwape faili lako lote. Walichukua wiki tano kujibu. Walinihamishia meza dirishani, selotepu ikabanduliwa, wakaruhusu mtu akiwa na mafua afanye kazi nyumbani mpaka siku tano zipite kama kazi yake inawezekana kwa laptop, na anayerudi anavaa barakoa siku chache. Barakoa wanavaa nusunusu, nasema ukweli. Vumbi nalifuta mwenyewe asubuhi na mchana na kitambaa cha maji, na mimi nikiwa nalifuta navaa barakoa pia.

Vibarua bado. Hao hawajaingizwa kwenye huo utaratibu, nimeuliza mara mbili nikaambiwa ni suala la mkandarasi. Dada anayefagia chumba chetu wiki iliyopita alikuwa na homa, macho mekundu, anadeki chini ya meza yangu huku anatetemeka, nikamwambia nenda nyumbani mdogo wangu, akaniuliza, "Na elfu saba yangu dada?" Nikampa ya kwangu siku hiyo. Kesho yake alikuja tena.