Tupisheni na sisi tuione mihrabu
Jamani, mnaokwenda Msikiti Mkuu wa Córdoba, Hispania, kupiga selfi, tupisheni na wengine tuone! Msikiti ule mkongwe alianza kuujenga mtawala Mwislamu Abd al-Rahman wa Kwanza mwaka 785, una nguzo zaidi ya 800 na matao ya rangi nyekundu na nyeupe. Lakini ukifika kwenye mihrabu, ile sehemu ya ukutani ya kuonyesha kibla, penye nakshi za dhahabu na maandishi ya Kiarabu, huoni kitu. Mbele yako ni migongo na vijiti vya simu. Mtu anapiga, anaangalia, anatengeneza nywele, anapiga tena, wala hageuki kuitazama mihrabu yenyewe! Inaniudhi sana. Watu wamelipa kiingilio, wamepigwa na jua la Julai mpaka wakafika pale. Piga moja, sogea.