Eti diski pacha!

Jumatatu kaja mama mmoja mwenye studio ya picha hapa Chake, Pemba, kompyuta kaipakata kama mtoto mwenye homa. "Mwanangu, harusi zangu za Shaaban zote hazionekani." Nikamwambia, shikamoo mama, kaa kwanza. Akakaa, akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanichoma: "Si walisema hizi diski ni pacha? Moja ikifa nyengine ipo. Sasa mbona zimekufa zote?"

Hazikufa. Fundi wake kamwekea mifumo miwili ya kuendeshea kompyuta, Windows na Linux, katika mashine moja: Windows kwa programu ya kuhariria picha, Linux kwa kijana wake anayesomea kompyuta chuoni. Diski mbili kubwa za picha kazifunga pamoja upande wa Linux kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, kwa mtindo wa RAID 1, yaani kioo: kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Hodari! Ila Windows haijui mdadm ni mnyama gani. Kwa hiyo mama wa watu akitaka kuhariri picha anazima, anawasha Linux, ananakili, anazima, anawasha Windows. Kila siku. Na hakulalamika, kwa sababu kaambiwa ndio usalama.

Siku moja kafungua sehemu ya diski kwenye Windows. Ikamwambia kuna diski mbili haizitambui, inabidi ziandaliwe, na tiki zishawekwa kwenye zote mbili. Akabonyeza sawa. Nani asingebonyeza?

Windows ikaandika jedwali lake la GPT, yaani ramani ya diski, mwanzoni mwa kila diski. Sasa mdadm, kwa kawaida yake ya siku hizi, anaweka kitambulisho chake kilobaiti 4 tu kutoka mwanzo, na fundi kaifunga diski nzima nzima bila ya hata kuikata vipande, yaani patisheni. GPT ikakaa juu ya kitambulisho hicho, hata Linux isizijue tena. Pacha wote wawili, bonyezo moja.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Kioo kinaiga! Ukitabasamu kinatabasamu, ukijichoma kisu nacho kinajichoma. Ukifuta folda ya harusi, inafutika kotekote papo hapo. Kirusi kikikufungia mafaili, unayo nakala mbili zilizofungwa, hongera. Mtu anayemuuzia mwenye studio RAID 1 akaiita bakapu, nakala ya akiba, anamuuzia mwavuli akamwambia ni nyumba.

Haya, nikubali: diski moja ikiungua mchana wa kazi, kioo kitakuokoa usisimame. Duka linalouza bila ya kupumzika linakihitaji. Na kama lazima uwe na mifumo miwili, tia kadi ya RAID yenyewe, mifumo yote itaona diski moja. Bei yake lakini, mh.

Umeme nao. Tulipoletewa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 tulidhani tumepona, na bado ukikatika ghafla wakati wa kuandika, diski hizo zinaweza kuanza kulinganishwa upya kwa masaa. Pesa ya diski ya pili ningeanza kuinunulia UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika.

Picha zimerudi. Data huanzia mbele zaidi, GPT haikuifikia. Nikanakili diski nzima kwanza kabla ya kugusa kitu, kisha siku mbili za kumbembeleza mdadm aiunde upya bila ya kusawazisha chochote. Faili la kwanza kufunguka lilikuwa mikono ya bibi harusi, piko bado mbichi inang'aa, na pembeni kidole cha mtu kinamwonya asiguse buibui. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Kioo nimekivunja. Diski moja iko ndani, Windows inaisoma bila ya safari. Ya pili nimeitia kwenye kasha la USB, inakaa kwa dada yake Wete na inateremka Chake kila Ijumaa na gari la abiria, imefungwa ndani ya kanga.