Nane ya Mzee

Mchezo wenyewe hauna ugumu. Mtu ataje tarakimu anayoipenda, 1 hadi 9. Izidishe kwa 9, kisha jibu ulizidishe kwa 12345679: tarakimu yake itajipanga mara tisa. Darasani haujawahi kuniangusha, kwa hiyo jioni moja barazani kwa muuza kahawa nikajitia kimbelembele.

"Shikamoo, mzee. Taja tarakimu moja."

"Marahaba. Nane."

Nane mara 9 ni 72. Nikaazima kalkuleta ya muuza kahawa, ile ambayo vitufe vimefutika maandishi, nikabonyeza. Kioo kikatoa 8.8888888 na E pembeni. Kalkuleta za dukani nyingi huonyesha tarakimu nane tu, na jibu hili lina tisa. Likizidi, hutoka E na vitufe vyote hugoma mpaka ubonyeze C. Hayo nayafundisha kila mwaka.

"Mwalimu, umeniulia mashine," akasema mwenyewe.

Nikaomba kipande cha boksi, nikazidisha kwa mkono. Mara 2, mara 70, nikajumlisha: 8888888808. Mzee akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya nane moja moja, akafika kwenye sifuri akasimama.

"Huyu mgeni ni nani?"

Kijasho kikanitoka. Mkono umezoea kuhesabu, ukaandika 123456789. Namba ya mchezo haina 8! Nikaanza upya: mara 2 ni 24691358, mara 70 ni 864197530, jumla 888888888. Baraza zima likapiga makofi isipokuwa mzee.

"Kumbe nane yangu uliitoa?"

"Imejitoa yenyewe, mzee." Nikagawanya 111111111 kwa 9 mbele ya macho yake, maana huko ndiko inakotoka namba ya mchezo. 11 kwa 9 ni 1, baki 2. Shusha 1: 21 kwa 9 ni 2, baki 3. 31 ni 3, baki 4. Twende hivyo mpaka 71: ni 7, baki 8. Ukishusha 1 ya mwisho unapata 81, na hiyo ni 9 kamili, haibaki kitu. Ndiyo maana jibu linaruka kutoka 7 hadi 9. Nane iliishia kwenye baki.

Ningenyamaza hapo. Lakini nikanogewa, nikaongeza kwamba namba hiyo ukiizidisha kwa 2, 4, 5, 7 au 8, ukiacha sifuri, kuna tarakimu moja tu itakayokosekana, nayo ni 9 ukitoa ile uliyozidishia. Mara 5 ni 61728395: itafute 4 humo, huioni.

Mzee alikuwa bado na nane yake. Akazungusha kikombe taratibu.

"Ngoja, mwalimu. Umenichukulia nane moja, unanirudishia nane tisa?"

"Ndiyo, mzee."

Akanisukumia boksi langu.

"Hiyo riba. Siipokei."